Vitambaa Vyeusi vya Fundi Sikio

Hedifoni zilikuwa juu ya meza tangu saa mbili asubuhi, na tangu saa hiyo Fundi Sikio hakuwa amekaa kitini muda wa kutosha kukipasha joto. Alikaa, akainuka. Alikwenda mlangoni akatazama barabara kama anayengoja mgeni, ingawa mgeni alikuwa ameshakuja na kuondoka. Akarudi, akazivaa hedifoni, akazivua. Akazipanga upya bisibisi ambazo zilikuwa zimepangwa. Nyuma ya pazia lililokigawa chumba mara mbili, cherehani ya mkewe ilikwenda na kusimama, ikaenda na kusimama, na kila iliposimama fundi alijua kwamba mkewe ametega sikio upande wake.

"Mara ya tatu," alisema, bila kumwambia mtu.

Cherehani ikaenda tena.

Mteja akirudisha kazi mara ya kwanza, fundi husema waya haukukaa sawasawa, na mara nyingi huwa kweli. Akirudisha mara ya pili, lawama huangukia kiwanda. Mara ya tatu hakuna wa kusingiziwa. Fundi hubaki peke yake na mikono yake, anaitazama kama watu asiowajua vizuri.

Mwenye hedifoni zile alikuwa msimamizi wa chumba cha wanukuzi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole wa maneno, asiyeinua sauti hata akiwa na haki ya kuinua. Katika chumba chake walikaa watu kumi na wawili kutwa nzima, kila mmoja na hedifoni zake, wakisikiliza mashauri yaliyorekodiwa na kuyachapa neno kwa neno: nani alisema nini, nani alimkatiza nani, nani alinyamaza alipoulizwa. Hedifoni zote zilikuwa zimechoka. Ngozi ya vimito vya masikioni ilibanduka na kubaki imewaganda mashavuni, wakirudi nyumbani na madoa meusi kama watu waliotoka kuchoma mkaa. Msimamizi alileta za kwake kwanza, ziwe za majaribio. Zikitoka vizuri, kumi na moja zingefuata, na baada ya hapo chochote kitakachoharibika ofisini mwao kingejua njia ya kwenda kwa Fundi Sikio. Kwa mtu wa miaka hamsini na tisa aliyeiona kazi ya redio ikifia mikononi mwake, na kanda zikifuata nyuma ya redio, hizo hazikuwa hedifoni tu. Zilikuwa sababu ya kufungua mlango asubuhi.

Asubuhi hiyo msimamizi alikuwa ameziweka mezani taratibu, kama anayerudisha mtoto wa watu. Alieleza kwamba sauti bado inadunga. Kila panapotamkwa 's' ni sindano, kila anayevuta pumzi ni kama anayechana karatasi sikioni mwake, na ikifika saa sita mchana kichwa chote kinamgonga. Amewavalisha wenzake wawili. Mmoja alizivua kabla shahidi hajamaliza kutaja jina lake. Fundi alizivaa mbele yake, akafumba macho, akasikiliza shauri la watu wawili waliogombania ukuta. Sauti ilikuwa safi. Ilikuwa wazi kama dirisha lililofutwa. Akamwambia hivyo.

Msimamizi aliutazama uso wake.

"Fundi, sikuvunjii heshima," alisema. "Ila Alhamisi napeleka jibu kwa mkubwa wangu. Zikibaki hivi, tutatafuta kwingine."

Ilikuwa Jumanne.

Jina la Sikio hakulinunua. Lilimpata akiwa kijana, siku alipopita mbele ya chumba cha mshonaji asiyemjua, akasimama, akarudi nyuma hatua tatu, akaingiza kichwa mlangoni na kumwambia msichana aliyekuwa ameinamia kitambaa kwamba cherehani yake inataka mafuta, tena si juu, ni kwenye kile chuma kinachopanda na kushuka na sindano. Msichana alimuuliza kama ni mganga wa cherehani. Alijibu kuwa ni fundi redio, lakini mlio huo umemkata tumbo tangu kona ya barabara. Akaomba mafuta, akatia matone mawili, mlio ukafa. Kesho yake alirudi kuhakikisha kama umekufa kweli. Alirudi kuhakikisha kwa miezi minane, mpaka baba wa msichana akamuuliza ni cherehani gani hiyo isiyopona.

Ndiye aliyekuwa nyuma ya pazia sasa, akishona sare za shule. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuomba mafuta. Cherehani ikianza tu kulia, ule mlio mwembamba kama wa panya mchanga, mumewe huacha alichoshika, hulichukua kopo la mafuta kwenye rafu ya juu, hupenya pazia na kutia matone yake mawili, halafu hurudi mezani kama mtu aliyekwenda kufunga mlango. Majirani walimtania mkewe kwamba wengine huletewa maua, yeye huletewa mafuta. Naye alikuwa akisema maua hayalainishi kitu.

Kuhusu hedifoni, Fundi Sikio aliweza kuzungumza mpaka mteja akumbuke kwamba ameacha sufuria jikoni. Alikuwa na hasira nazo. Alisema watu wanauziwa maboksi mazuri. Wanazivaa dukani kwa dakika moja, besi inawapiga kisogoni, wanadhani wamepata muziki. Wakifika nyumbani wanagundua kwamba mwimbaji amezama ndani ya ngoma kama mtu aliyeanguka kisimani. Hiyo, alisema, ni kasoro ya kwanza, besi iliyovimba. Wakati mwingine ni kimito: kikichakaa hakiligusi shavu sawasawa, sauti nzito inavuja kama maji kwenye ndoo iliyopasuka, inabaki mikwaruzo mitupu. Vikombe vya plastiki nyepesi navyo hulia vyenyewe, ukadhani mtangazaji anasomea habari bafuni. Na mara mojamoja mkono wa mtu umeunganisha waya za upande mmoja kinyume, spika moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, na sauti iliyopaswa kukaa katikati ya kichwa haikai popote. Hizo, alisema, zinamfanya msikilizaji ageuzegeuze shingo siku nzima bila kujua anatafuta nini.

Yote hayo alikuwa anayajua, na alikuwa anayatibu kweli. Lakini kwa mwaka mmoja, labda miwili, alikuwa ameongeza ugonjwa mmoja kwenye orodha yake, ugonjwa ambao kila hedifoni iliyopita mezani kwake aliikuta nao. Zilikuwa zimefifia. Zote, mbovu na nzuri, za bei ya karanga na za bei ya baiskeli, zilisikika kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Alizifungua akamkuta mhalifu: kitambaa cheusi cha duara, chembamba, laini, kilichobandikwa mbele ya spika ndogo. Kiwanda kinaziba midomo ya spika zake chenyewe! Alikibandua kwa kibano, akavaa, na sauti ikafunguka. Si sana, lakini ikafunguka. Tangu siku hiyo alikuwa anavibandua vyote. Hakuvitupa, kwa sababu fundi hatupi kitu. Alivitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga chini ya meza. Wateja wakiuliza amefanya nini, huwaambia amemvua mtu blanketi.

Na walikuwepo waliomsifu. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili alisema hajasikia taarifa ya habari vizuri namna ile tangu aache chaki. Kinyozi mzee aliapa kuwa amesikia upatu kwenye nyimbo za ujana wake, upatu aliodhani ulikwisha kutolewa. Fundi Sikio alizikumbuka sifa hizo asubuhi ile ya Jumanne, akazishika moja moja kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo.

Ilipofika saa nne hakuweza tena. Alizichukua hedifoni, akamwambia mkewe anatoka kidogo. Mkewe alimuuliza anakwenda wapi. Alisema anakwenda kupata ushahidi.

Mwalimu mstaafu alikuwa barazani kwake, miwani kwenye paji la uso, akiitafuta. Alizivaa hedifoni, akasikiliza, uso ukamlainika. Alisema ni maridadi, na kama huyo mwanamke hazitaki, yeye anazo nafasi mbili kichwani. Fundi alicheka, akaaga, akatembea hatua ishirini akiwa mtu mzima kabisa. Hatua ya ishirini na moja wasiwasi ulimrudia, na hakujua kwa nini. Alishika njia ndefu ya kurudi. Alipita kwa kinyozi mzee, naye akasifu. Alipita tena barabara ileile, akasimama mbele ya duka la viatu asilokuwa na haja nalo, akawa kiguu na njia kama mtu aliyefukuzwa na nyumba yake.

Mlango wa pili kutoka kwake palikuwa na kibanda cha binti anayeuza vocha na vioo vya simu, mwepesi wa ulimi, aliyemwita fundi "babu" akiwa na shida na "mzee" akiwa hana. Fundi hakuwahi kumtengenezea kitu. Alimpa hedifoni, akamwomba asikilize tu, aseme neno moja.

Binti alizivaa, akabonyeza wimbo kwenye simu yake. Mabega yalimpanda mpaka kwenye ndewe za masikio. Alizivua kwa mikono miwili kama anayeondoa sufuria motoni.

"Mzee, hizi ni za kuadhibia watu?" aliuliza.

Fundi alimwambia labda wimbo ndio mbaya. Binti akaweka mwingine, akazisogeza hedifoni karibu na sikio bila kuzivaa, akakunja uso. Akasema nyimbo ni nzima, ni hizi zinazotoa mapanga. Halafu akamtazama, na utani ukamtoka usoni polepole.

"Kwani wewe hayo huyasikii?"

Alimwambia anasikia vizuri sana. Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia, akazinyakua hedifoni zake na kuondoka, na nyuma yake binti akabaki na simu mkononi, hajui amekosa wapi.

Dukani hakukaa. Alizunguka meza. Akili ilikuwa imeshika uzi ambao yeye hakutaka uvutwe, na uzi ulikuwa unajivuta wenyewe. Mwalimu ana miaka sabini na mmoja. Kinyozi ana sitini na sita. Nani mwingine alimsifu? Mzee wa stoo ya saruji. Yule mama mwenye kilemba cheupe, bibi wa wajukuu saba. Na nani hakurudi? Mwanafunzi wa chuo aliyeleta hedifoni nyekundu. Alishukuru, akaenda, na safari nyingine akaonekana amevaa mpya. Vijana wawili wa studio ya picha. Dereva kijana aliyesema atarudi Jumamosi. Jumamosi ngapi zimepita? Aliwapanga upande mmoja na upande mwingine, na kila alivyowachanganya walirudi wenyewe mahali pao: wenye mvi huku, wasio na mvi kule.

Akatafuta cha kufanya na mikono yake. Alisema moyoni atie mafuta cherehani. Kazi hiyo haijawahi kumkataa. Akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akalishusha kopo, na kopo likaja mkononi jepesi. Alilitikisa. Lilikuwa karibu tupu. Lilikuwa pia safi, halina vumbi, na vumbi la rafu ile alilifahamu. Kila kilichokaa pale wiki mbili kilivaa koti.

Alipenya pazia. Mkewe alikuwa anapinda ukosi wa shati jeupe. Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio.

"Mafuta yamekwisha," fundi alisema.

"Nitanunua mengine."

"Nani ameyatumia?"

Mkewe aliukata uzi kwa meno, akaukunja ukosi, akauweka juu ya wenzake. Hakuwa mtu wa kukimbilia maneno.

"Mimi," alisema.

"Tangu lini wewe unatia mafuta?"

"Tangu ulipoacha kuja."

Fundi Sikio alibaki amesimama na kopo. Alitaka kusema kwamba cherehani haikulia, ndiyo maana hakuja. Aliyafungua maneno mdomoni na kuyaona yalivyo. Mkewe alikuwa anamtazama bila huruma ya kuonyesha, kwa macho yaleyale yaliyomuuliza zamani kama ni mganga wa cherehani.

Alimweleza, kwa sauti ya chini, kwamba mara ya kwanza alidhani amemkasirikia. Cherehani ililia siku nzima na mumewe amekaa hatua nne pale, anapuliza vumbi kwenye redio. Akangoja. Siku ya pili ikalia, ya tatu pia. Ya nne akapanda kwenye kigoda akalishusha kopo mwenyewe, wakati fundi amekwenda kununua risasi ya kuunganishia waya. Hiyo ilikuwa mwaka juzi, kabla ya mvua. Tangu hapo amekuwa akitia mafuta fundi akiwa hayupo, na simu ikiita kwa ule mlio wake mwembamba humwambia "simu yako hiyo" kama vile anamharakisha tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila mtu anakuita Sikio."

Fundi alikaa juu ya kigoda kilekile. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kukaa bila kuinuka, na haikuwa kwa sababu ametulia. Miguu ilikuwa imekosa pa kwenda. Alimwomba mkewe akanyage cherehani. Akakanyaga. Fundi alisikia ngurumo ya gurudumu, akasikia kanyagio, akasikia mkanda. Akauliza kama inalia sasa hivi. Mkewe akasema kidogo. Akainama mpaka sikio likagusa chuma, kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa, na juu ya ngurumo ile, pale ambapo panya mchanga alipaswa kuwepo, palikuwa na ukimya mtupu, laini kama kitambaa.

Ndipo alipokumbuka kopo la maziwa.

Alilitoa chini ya meza, akalifungua. Lilikuwa limejaa. Vitambaa vyeusi vya duara, vimepandana, vingine vikubwa kama kifuniko cha chupa, vingine vidogo kama kitufe cha shati. Kwa mwaka na zaidi aliliona kopo lile na kujisifu kwamba hatupi kitu. Sasa kila kitambaa kilikuwa na mtu wake, amekaa mahali fulani amekunja uso, anasugua kichwa saa sita mchana, anajiuliza hedifoni zake zimepatwa na nini. Blanketi halikuwa juu ya spika. Lilikuwa juu yake yeye, na alikuwa akiwachuna watu wengine ngozi ili apumue.

Jumatano haikuwa siku ya kukumbukwa kwa jambo lolote isipokuwa mwendo. Alizifungua hedifoni za msimamizi, akachagua kwenye kopo vitambaa viwili vya ukubwa wake, akavibandika kwa gundi nyembamba, akavaa. Blanketi likarudi. Mtangazaji wa redio akawa mbali, mdomo umejaa pamba. Kila kilichokuwa fundi ndani yake kilimwambia anaharibu kazi, akavibandua tena, akasikia dirisha likifunguka, akajichukia kwa kupenda alichosikia. Akavibandika. Mara mbili alikwenda mpaka mlangoni bila haja. Mwishowe alizichukua akampelekea mkewe, akampa redio ndogo na kumwomba aeleze anachosikia, lakini asiseme "nzuri". Nzuri haimsaidii.

Mkewe alisikiliza muda mrefu, uzi ukiwa bado mdomoni. Akasema kuna mtu anasoma habari. Anasoma akiwa amekaa. Ana mafua kidogo. Fundi aliuliza kama 's' zake zinadunga. Akasema hapana, ziko mahali pake, kama meno mdomoni. Kisha akazihamisha hedifoni kushoto kulia, akasema upande mmoja una nguvu kuliko mwingine. Fundi aliufungua upande huo na kukuta kitambaa kimekaa kombo. Akakinyoosha. Alistaajabu kwamba mwanamke huyu amekaa nyuma ya pazia miaka thelathini na masikio ya namna hiyo, na hakuna aliyempa jina.

Alhamisi msimamizi alikuja mapema, mkoba begani, akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kuandika barua na anatafuta tu sahihi. Fundi alikuwa amesimama. Hakuzivaa hedifoni mbele yake kama ilivyokuwa desturi yake. Desturi hiyo hakuwahi kuivunja tangu aanze kazi, kwamba kifaa hakitoki mezani kabla sikio lake halijakipitisha. Alizisukuma tu upande wa mteja.

"Kabla hujavaa, mwanangu," alisema. "Nilikuambia mara tatu ziko sawa. Kwangu zilikuwa sawa. Sauti nyembamba mimi sizipati tena, na sikujua. Nilitoa humu kitu ambacho kiwanda kilikiweka kwa sababu, nikazitengeneza zinifae mimi. Nimekirudisha. Lakini kama zimepona au hazijapona siwezi kukuambia. Utaniambia wewe."

Nyuma ya pazia hapakuwa na mlio wa kitu.

Msimamizi hakusema neno la kumfariji, na fundi alimshukuru kwa hilo. Alichomeka waya kwenye kinasa sauti chake, akavaa, akabonyeza. Ukuta ulianza kugombaniwa upya. Fundi Sikio, ambaye maisha yake yote aliwasikiliza watu kwa kufumba macho, sasa aliyafumbua na kumtazama mwanamke yule kama mtu anayesoma barua katika lugha aliyoanza kujifunza jana. Aliyatazama mabega, na hayakupanda. Alilitazama paji la uso. Alikiona kidole cha msimamizi kikienda kwenye kitufe cha sauti; mara zote tatu kidole kile kilikwenda kupunguza. Kikaongeza. Kikaongeza tena.

Baada ya muda alizishusha shingoni.

"Huyu mama anapumua kabla ya kujibu," alisema. "Kila swali. Nimelichapa shauri hili nusu nzima na sikujua."

Alieleza kwamba mwanzo alilazimika kuweka sauti chini sana ili asidungwe, na yaliyo ya chini yakazama huko huko. Alizivaa tena kidogo, akazivua. Halafu akauliza swali ambalo fundi alilisubiri tangu Jumanne na hata hivyo lilimkuta hajajiandaa: kumi na moja zile, akizileta, nani atazisikiliza zikishatengenezwa?

Fundi alilitazama pazia. Pazia lilisogea, mkewe akatokea na shati jeupe mkononi, sindano imechomekwa kwenye kola ya gauni lake. Alisema yeye anaweza kusikiliza, ila asilazimishwe kusikiliza mashauri ya watu wanaotukanana, maana akikasirika hushona kombo.

Msimamizi alicheka kidogo, lakini hakuwa mtu wa kubebwa na kicheko. Alifikiri.

"Nitaleta tatu kwanza," alisema. "Na siku ya kuzichukua nitakaa hapa nizisikilize mwenyewe, moja moja."

Zamani maneno hayo yangekuwa tusi. Yalimchoma hata sasa, mahali palepale palipozoea kuchomeka. Lakini fundi alimvutia kigoda, akakiweka karibu na meza, kama vile siku yenyewe imekwisha kufika.

"Ukae," alisema.

Msimamizi alipoondoka, fundi hakutulia, na hakutegemea kutulia. Alilichukua kopo la maziwa, akatia kibano na gundi mfukoni. Mwanafunzi wa chuo alikuwa na shangazi nyuma ya soko. Vijana wa studio walikuwepo bado. Dereva angeulizwa stendi. Wazee wenzake angewaacha. Jana jioni alikuwa amempitia mwalimu kumweleza, na mwalimu alizikumbatia hedifoni zake kifuani akasema akizigusa watakosana. Lakini kwa wengine angekwenda mlango kwa mlango kusema maneno yaleyale, na kila mlango jina lake lingepungua kidogo. Alijua hivyo. Miguu ilikuwa tayari kizingitini.

"Baba," mkewe alimwita. "Inalia."

Alirudi. Mafuta mapya yalikuwa kwenye rafu ya chini, mahali ambapo mtu yeyote angeyafikia. Aliweka kiganja juu ya shingo ya cherehani, mkewe akakanyaga polepole. Kwanza alihisi ngurumo peke yake. Kisha, chini ya kidole cha kati, karibu na kile chuma kinachopanda na kushuka na sindano, kitu kidogo kikamkwaruza, chembamba, kama punje moja ya mchanga. Alitia tone.

"Imenyamaza?"

"Bado."

Akatia la pili, akaacha kiganja palepale, akingoja.

"Sasa imenyamaza," alisema mkewe.

Alifuta mkono kwenye suruali, akalikwapua kopo la vitambaa, akatoka.